Teknolojia ya habari ipimwe kwa mvuvi wa Nkombo

JUA linapozama katika Ziwa Kivu, wavuvi wa kisiwa cha Nkombo huunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, huwasha taa na kwenda kuvua sambaza hadi alfajiri. Kabla ya kuondoka wanahitaji jibu la swali moja tu: usiku huu ziwa litakuwaje?

Rwanda haijakosa teknolojia. Tangu Oktoba 2016 ndege zisizo na rubani zinapeleka damu hospitalini. Kupitia Irembo, mwananchi anaomba vyeti mtandaoni badala ya kupanga foleni ofisini. Kigali nayo imekuwa ukumbi wa mikutano ya kimataifa ya teknolojia. Hayo ni maendeleo ya kweli. Lakini njia mpya ya kutoa habari haipimwi kwa makofi ya ukumbini. Hupimwa mwaloni, saa kumi na mbili jioni, mkononi mwa mtu mwenye simu ya vitufe na ambaye hakusoma sana.

Nkombo, katika Wilaya ya Rusizi, ni kipimo kigumu zaidi. Wenyeji wana lugha yao ya nyumbani, jamaa ya Kihavu kinachosemwa Idjwi upande wa Kongo. Biashara yao inaelekea Kamembe na Bukavu, ambako Kiswahili ni lugha ya soko. Rwanda ilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Lugha rasmi isiyomwonya mvuvi kuhusu dhoruba inabaki kuwa pambo la sheria.

Mfano wa kuigwa uko karibu. Mwaka 2011 Uganda ilianza majaribio katika visiwa vya Ssese, wilaya ya Kalangala, ya kuwatumia wavuvi wa Ziwa Victoria utabiri wa hali ya hewa kwa ujumbe mfupi wa simu. Utabiri uliwekwa katika rangi, kama taa za barabarani. Nyekundu haihitaji mkalimani wala mafunzo ya siku tatu hotelini.

Rangi hufanya kazi hata bila simu. Uingereza iliweka katika sheria ya mwaka 1876 alama inayochorwa ubavuni mwa meli kuonyesha kiwango cha mwisho cha kubeba mzigo. Maji yakiifunika, kila aliyeko gatini anaona kwamba chombo kimezidiwa. Oktoba 3, 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na gati la Kituku, Goma, ikiwa imejaza kupita kiasi. Watu kadhaa wa kadhaa walikufa. Mstari wa rangi hauzuii tamaa ya mwenye boti, lakini humpa abiria sababu ya kukataa kupanda.

Wapo watakaosema kwamba wazee wa ziwani wanasoma mawingu na hawahitaji simu. Hoja hiyo ina uzito. Onyo la uongo linamgharimu mvuvi mapato ya usiku mzima, na akidanganywa mara mbili, la tatu hatalisikiliza hata kama ni la kweli. Ndiyo maana ujumbe wa kwenda upande mmoja hautoshi. Mvuvi aweze kupiga namba bila malipo, asikie utabiri kwa sauti, kisha naye abonyeze namba kueleza alichokiona: upepo umeanza, mawimbi yamepanda, au ziwa limetulia. Watabiri wajifunze kutoka kwake kama yeye anavyojifunza kwao. Mazungumzo ya namna hiyo ndiyo yanayojenga imani.

Kazi hiyo haiwezi kufanywa na nchi moja. Mradi wa HIGHWAY, ulioanza mwaka 2017, uliziunganisha idara za hali ya hewa za Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, na Ziwa Victoria likafaidika. Kongo, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, haikuwamo. Dhoruba ya Kivu haiulizi pasipoti, na mtumbwi wa Nkombo ukisukumwa na upepo unaweza kujikuta kwenye maji ya jirani kabla ya mapambazuko.

Siasa kati ya Kigali na Kinshasa ni ngumu, na hakuna anayetarajia zitatuliwe kwa ujumbe wa simu. Hata hivyo, mwaka 2014 Rwanda, Burundi na Kongo zilitia saini mkataba wa mamlaka ya pamoja ya bonde la Ziwa Kivu na Mto Rusizi. Kazi ya kwanza inayofaa kwa ushirikiano huo ni ndogo na ya haraka: rangi zilezile, maana ileile na sauti ileile ya Kiswahili, kutoka Nkombo hadi Idjwi, kutoka Kamembe hadi Goma.

Jumuiya imezoea kuonyesha utangamano kwa bendera na maazimio. Mvuvi wa Nkombo atauamini siku atakapoona bendera nyekundu mwaloni, ajue kwamba mwenzake wa ng'ambo ameiona pia, na wote wawili walale nyumbani.