Mia Nne Ambao Hawakupaswa Kufa

Kati ya Juni 1997 na Machi 1998, wagonjwa 14,275 wa kipindupindu walilazwa katika hospitali za uliokuwa Mkoa wa Nyanza. Kati yao, 547 walifariki. Hizo ni hesabu za waliofika hospitalini. Waliokata roho nyumbani au njiani hawamo.

Tunawaomba wasomaji wetu wazipime hesabu hizo pamoja nasi, kama ushahidi unavyopimwa mahakamani. Kipindupindu huua kwa kumkausha mtu maji mwilini, pengine kwa muda wa saa chache tu. Hata hivyo tiba yake si ya gharama kubwa: maji safi yenye chumvi na sukari kwa vipimo vyake na, kwa aliyezidiwa, maji ya kutiwa mshipani. Mgonjwa akitibiwa mapema na ipasavyo, vifo havifiki mmoja katika kila mia. Kwa kipimo hicho, Nyanza isingezika watu zaidi ya 143. Ilizika 547. Basi tunauliza: wale mia nne waliozidi waliuawa na nini?

Kidudu cha kipindupindu ni mshtakiwa wa kwanza, lakini hakistahili kusimama kizimbani peke yake. Uchunguzi uliofanywa na wataalamu kuhusu mlipuko huo ulionyesha kwamba waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliokunywa maji ya ziwa au ya vijito, waliokula pamoja na mtu anayehara, na waliohudhuria karamu za matanga. Tafakarini jambo hilo. Watu wanaoishi kando ya ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika walikufa kwa kukaukiwa na maji, kwa sababu maji waliyokuwa nayo yalikuwa sumu. Hospitali haiwezi kuponya wodini kile ambacho bomba na choo havikuzuia kijijini.

Wapo wanaotuambia kwamba hayo ni mambo ya madaktari, na kwamba watetezi wa mageuzi waendelee na siasa zao. Hao wamesahau historia ya Kisumu. Hospitali kuu ya mkoa, ambayo wakazi waliizoea kwa jina la "Russia" kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Sovieti, ilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1969. Siku hiyo hiyo askari waliufyatulia umati risasi na watu wakapoteza maisha. Siku chache baadaye chama cha KPU kilipigwa marufuku, na kiongozi wake, Jaramogi Oginga Odinga, akatiwa kizuizini. Wananchi walipewa majengo na kunyang'anywa sauti. Tangu hapo, mwenye kuuliza kwa nini wodi haina dawa alionekana mchochezi. Ada za matibabu zilipoanzishwa Desemba 1989, nchi ikiwa bado chini ya chama kimoja, mkulima na mvuvi hawakuwa na chama kingine cha kukimbilia.

Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, nasi tulishangilia. Lakini tukiri ukweli: tarehe 29 Desemba 1997, watu wa Nyanza walipopanga foleni kupiga kura, mlipuko ulikuwa katika mwezi wake wa saba. Vyama vilikuwa vingi, na maji yalikuwa yale yale. Kura ilitupa haki ya kuuliza. Wengi wetu tulidhani kwamba tayari imetupa jibu.

Leo hatuna kisingizio cha sheria. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya afya na ya maji safi na salama ya kutosha, na kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Tangu 2013, huduma nyingi za afya na za maji ziko mikononi mwa serikali za kaunti, hatua chache tu kutoka mlangoni petu. Hata hivyo, Aprili 2025 Wizara ya Afya ilitangaza tena mlipuko wa kipindupindu, na Kisumu ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizopatwa. Haki iliyoandikwa haijafika bombani.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, idadi ya wagonjwa na ya waliokufa itangazwe wazi kila juma wakati wa mlipuko, kila wadi kwa hesabu yake. Mficha maradhi, kilio humfichua. Pili, bajeti ya kaunti isipitishwe kabla wananchi hawajaonyeshwa ni mitaa gani ya Nyalenda, Manyatta na Obunga, na fuo zipi za wavuvi, zitakazopata maji na vyoo mwaka huo, na kwa fedha kiasi gani. Tatu, kusiwe na mgonjwa wa kipindupindu atakayeulizwa pesa kabla ya kutiwa maji mwilini.

Nanyi ndugu zetu wa makanisa, hatuwezi kuwadai watawala huku tukijisamehe wenyewe. Hatusemi watu wasizikwe kwa heshima. Tunasema kwamba mchungaji anayeongoza mazishi awe na sauti pia juu ya sufuria: maji ya kunywa yachemshwe, sabuni iwekwe penye kula, chakula kiliwe kingali moto, na anayehara asipike wala kupakua. Akina mama wanaopika matangani wanaweza kuokoa roho nyingi kuliko hotuba zetu.

Msamaria Mwema hakuishia kumhurumia majeruhi. Alilipa gharama, akaahidi kurudi. Nasi tumepiga kura. Sasa turudi, tuulizie maji.