Kijito cha mvua hakimngoji mtu

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Ni methali nzuri, lakini kwa mtu anayeishi chini ya mlima na kuvuka vijito vyake kila siku, inaweza kumpoteza. Kijito cha mlimani huweza kufurika huku jua likiwaka juu ya kichwa chako, kwa kuwa mawingu yaliyokijaza yako mbali, huko juu usikokuona.

Ndugu msomaji, jambo hili kuna watu wanaolijua vizuri kuliko wengi wetu, nao ni wale tunaowacheka kwamba wanachezea kifo kwa hiari yao. Nazungumzia waendesha kayaki.

Kayaki ni mtumbwi mdogo, mara nyingi wa mtu mmoja, ambao siku hizi hutengenezwa kwa plastiki ngumu. Mwendeshaji huketi ndani, kiuno kikiwa kimezibwa kwa kitambaa kisichopitisha maji, na hupiga kasia lenye bapa pande zote mbili. Watu wa Jinja hawahitaji kuelezwa zaidi, maana vijana wao wameucheza mchezo huu kwa miaka mingi na wengine wamepata riziki kwa kuwaongoza wageni kwenye maji makali ya Mto Nile.

Itakumbukwa kwamba bwawa la umeme la Bujagali, lililozinduliwa mwaka 2012, lilifunika maporomoko yaliyokuwa maarufu kwa mchezo huo. Mwaka 2019 likafuata bwawa la Isimba, likafunika sehemu nyingine chini zaidi. Hata hivyo, Nile pale Jinja ni mto wa kutegemewa. Maji yake yanatoka Ziwa Viktoria, na tangu mwaka 1954 yamekuwa yakipitishwa kwenye milango ya bwawa la Owen Falls. Mtu anaweza kupanga mwezi Juni safari ya Desemba na akayakuta maji yanamngoja.

Lakini upo mchezo mwingine wa kayaki, mgumu zaidi, nao ni wa vijito vinavyotegemea mvua. Kule Marekani, katika milima ya West Virginia na Alabama, na kule Uingereza, katika nyanda za juu za Dartmoor na milima ya Wales, viko vijito ambavyo siku nyingi za mwaka ni mawe matupu na maji ya kulowesha kisigino. Ikinyesha mvua kubwa, kwa saa chache kijito hujaa na kunguruma. Mvua ikikatika, jioni hiyo hiyo au kesho yake mawe yanaonekana tena. Anayetaka kukiendesha hana budi kukiwahi katikati ya saa hizo chache. Akichelewa atakuta mawe, na akifika wakati kimejaa kupita kiasi anaweza asirudi nyumbani.

Basi wanafanyaje? Hapa ndipo penye somo.

Kwanza, wanakitembelea kijito kikiwa kikavu. Wanatembea kwa miguu kando yake, wanatazama mawe yaliyo chini, mahali maji yanapobanwa, na hasa miti iliyoanguka. Mti uliolala mtoni ni mtego mbaya: maji hupenya katikati ya matawi lakini mtu hapenyi, hubanwa pale na mkondo mpaka pumzi inamwishia.

Pili, wanafuatilia mvua ya huko juu, si ya pale walipo. Wanajua pia kwamba mvua hailingani na mvua. Ikinyesha juu ya udongo mkavu, ardhi hunywa kwanza. Ikinyesha kiasi kile kile baada ya wiki nzima ya manyunyu, ardhi imeshashiba na karibu maji yote hukimbilia kijitoni.

Tatu, wanasoma kipimo. Marekani ilianza kupima mtiririko wa mito kwa utaratibu wa kitaifa mwaka 1889, pale Embudo katika mto Rio Grande, na leo ina vituo zaidi ya 8,000 vinavyotoa habari za mito siku hiyo hiyo, vingi vikipima kila baada ya dakika 15. Uingereza nayo hutangaza vina vya mito kwa namna hiyo. Kijito kisicho na kituo hukadiriwa kwa kutazama jirani yake anayeshuka kutoka mlima ule ule. Na pasipo kituo chochote, wanaweka alama yao wenyewe: jiwe fulani chini ya daraja. Jiwe likionekana lote, maji hayatoshi. Likizama nusu, twende. Likizama lote, turudi.

Nne, na hili ndilo kubwa, alama ya kurudi nyumbani inakubaliwa kabla ya kufika mtoni. Wanajua kwamba mtu aliyesafiri saa tano na mtumbwi juu ya gari, akisimama mbele ya maji, akili yake itamtafutia sababu ya kuingia. Kwa hiyo uamuzi hufanywa mapema, moyo ukiwa umetulia.

Sasa turudi kwetu. Mlima Elgon unazaa mito inayogawa nchi zetu. Lwakhakha, Malaba na Suam ni mipaka ya Uganda na Kenya, na kila mmoja una kituo cha forodha kinachoitwa kwa jina lake. Upande wa magharibi, mto Lubiriha unashuka kutoka Rwenzori na kupita kati ya Mpondwe ya Uganda na Kasindi ya Kongo. Mito hii, hasa ile midogo, ina tabia ile ile ya vijito vya Dartmoor na West Virginia: bonde la juu ni dogo, mteremko ni mkali, maji hayana pa kupumzikia.

Na ushahidi tunao. Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika ukaingia mpaka hospitali ya Kilembe, na Mei 2020 ukarudia tena kwa ukali zaidi. Oktoba 2018 kule Bududa, mto Suume ulishuka na tope na mawe makubwa ukapita kwenye makazi na maduka, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Usiku wa kuamkia Julai 31, 2022, vijito vya Nabuyonga na Namatala viliingia mjini Mbale na kuua watu zaidi ya 20. Hivyo ni vijito ambavyo wakati wa kiangazi mtoto huvuka akiimba.

Mfanyabiashara mdogo wa mpakani anavuka vijito vya aina hii mara mbili kwa siku. Asubuhi anavuka na kikapu chake, maji yanafika kwenye vifundo vya miguu. Mvua nyingi za milima yetu huanguka mchana na jioni. Kwa hiyo saa anayorudi kutoka sokoni, amechoka, ana fedha kiunoni, watoto wanamsubiri na giza linaingia, ndiyo saa ambayo maji ya mlimani yanafika kivukoni. Asubuhi kijito kilimwambia kweli, lakini kweli ya asubuhi haifai jioni.

Nguvu ya maji nayo inadanganya macho. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu inayousukuma mwili huongezeka mara nne. Wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani wanaonya kwamba maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na yenye sentimita 60 yanaweza kubeba magari mengi. Mwendesha kayaki ana kofia ngumu, jaketi la kuokoa maisha, na mwenzake amesimama ukingoni na kamba mkononi. Mama mwenye kilo 20 za maharage kichwani na mtoto mgongoni ana nini?

Kwa ndugu zetu mliorejea nyumbani, iwe kutoka kambini au kutoka Ulaya, nina neno la pekee. Mto mnaoukumbuka si mto mlioukuta. Miteremko mingi iliyokuwa na msitu sasa ni mashamba, na mlima uliovuliwa miti huachia maji haraka. Kivuko alichokuonyesha babu yako huenda kimehama. Na wewe kijana uliyejifunza kayaki ughaibuni ukarudi na mtumbwi wako, usidhani kwamba kijito cha nyumbani kimeshapimwa na kuandikwa kama kile ulichokiacha. Kitembee kwanza wakati wa kiangazi, uwaulize wazee wa pale, ndipo ufikirie kasia.

Wapo watakaosema: dawa ni rahisi, watu wapite darajani kwenye forodha. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unamruhusu mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya, zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, kupata cheti rahisi cha asili ya bidhaa na kusamehewa ushuru wa forodha. Anayepitisha magunia mawili ya mahindi kwenye njia ya panya kwa kuogopa ushuru huo anahatarisha uhai bure. Lakini si kila kijito kiko mpakani, wala si kila kijiji kina daraja. Kwa wengi, kivuko cha miguu ndiyo barabara yao ya kwenda shambani, shuleni na zahanati.

Wengine watasema vituo vya kupima maji ni anasa ya nchi tajiri. Hapa sikubaliani nao. Kituo cha kisasa ni ghali, ni kweli, lakini jiwe lililopakwa rangi si ghali. Nguzo ya daraja yenye mistari mitatu, kijani, njano na nyekundu, inaweza kuchorwa kwa kopo moja la rangi. Kazi iliyobaki ni kukubaliana: maji yakigusa nyekundu, hakuna anayevuka, hata kama ni siku ya gulio.

Jambo la pili ni simu. Leo fundi wa boda boda aliye juu mlimani na muuza nyanya aliye chini wote wana simu mfukoni. Kila kivuko kiwe na mtu wake huko juu, anayejulikana, wa kupiga simu mvua inaposhuka au maji yanapobadilika rangi. Viongozi wa vijiji wa pande zote mbili za mpaka wanaweza kupanga hili bila kusubiri mkutano wa mawaziri. Wizara za maji nazo, ambazo zina vituo vya kupimia kwenye mito kadhaa, zione kwamba takwimu zinazobaki kwenye makabati ya ofisi hazimwokoi mtu. Zitangazwe redioni, kwa lugha ambayo mama wa sokoni anaielewa.

Mpaka hayo yafanyike, kila mmoja ajifunze kusoma dalili ambazo waendesha kayaki huzisoma. Maji yakigeuka kuwa ya tope ghafla, yakibeba majani na vijiti vibichi, ukisikia mawe yakigongana chini, mto unapanda, hata kama kwako ni kukavu. Toka. Kaa mahali palipoinuka. Kijito kinachopanda haraka hushuka haraka pia, na mara nyingi saa chache za kusubiri zinatosha.

Waswahili tuna msemo mwingine: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Tofauti iliyopo ni kwamba mwendesha kayaki, kabla ya kuyafika, ameyapima na ameshaamua alama ya kugeuka. Yeye anafanya hivyo kwa ajili ya mchezo wa siku moja. Sisi tunaovuka kila siku kwa ajili ya ugali wa watoto, tuna sababu kubwa zaidi ya kupima na kuamua mapema. Masika haijawahi kumngoja mtu amalize mazungumzo. Kopo la rangi linunuliwe sasa, kabla ya mvua.