Msiinyooshe Miguu ya Messerschmitt

Toleo hili lilikusudiwa kuwa la magurudumu ya ndege za zamani kwa jumla. Limegeuka, kwa kosa langu na bila majuto, kuwa toleo la miguu ya Bf 109, ndege ya kivita ya Messerschmitt. Chanzo ni modeli niliyoikuta karibuni kwenye meza ya mashindano. Kazi ilikuwa safi, rangi haina doa, lakini miguu imetanuliwa na kunyooshwa wima kama ya meza ya chakula. Nilipouliza, kijana aliyeiunda alinijibu kwa upole, "Nimemsahihishia Messerschmitt, mzee wangu." Sikulala vizuri usiku ule.

Tuanze na vipimo, maana ubishi wetu mwingi haujawahi kushika rula. Kati ya gurudumu na gurudumu, Spitfire ina takribani mita 1.74, Bf 109 takribani mita 2, Hurricane mita 2.39. Kwenye skeli ya 1/72 hizo ni milimita 24, 28 na 33. Ndege inayotukanwa kwa kubana miguu imeitanua kuliko Spitfire inayoimbiwa sifa! Kilichoiponza 109 hasa ni ule mwinamo wa miguu kwenda nje. Ikigusa ardhi kwa gurudumu moja, tairi lililolala huisukuma ndege upande, na uzito ulio nyuma ya magurudumu humalizia kazi.

Basi kwa nini waliinamisha? Kwa sababu mguu ule umeshikizwa kwenye kiwiliwili, si kwenye bawa. Fundi anaweza kulifungua bawa zima huku ndege imesimama kwa miguu yake yenyewe. Likitobolewa kwa risasi, analetewa jingine. Tena bawa lisilobeba kishindo cha kutua linaweza kuwa jepesi. Ndege hiyo iliporuka mara ya kwanza mwaka 1935, miguu yake ilikuwa jibu kwa fundi na kwa mwunda bawa. Deni lililipwa na rubani mgeni, na sisemi lilikuwa dogo. Ninachokataa ni kuliita kosa jambo lililochaguliwa macho yakiwa wazi.

Najua mtanitupia Hurricane. Nayo iliacha kipande cha katikati cha bawa kikiwa na magurudumu yake, mabawa ya nje yakafunguliwa, na miguu ikabaki imetanuka vizuri. Kweli kabisa. Ikalipia kwa bawa nene na kwa mwendo. Hakuna mguu wa bure.

Kosa la kweli hutokea mguu unapohamishwa kwenda kazi isiyo yake. Spitfire ilivikwa ndoano, ikaitwa Seafire, ikapelekwa kutua kwenye sitaha za meli. Miguu iliyotosha kwenye nyasi za Uingereza ikaanza kuvunjika. Kwenye vita vya Salerno, Italia, Septemba 1943, ajali za kutua ziliharibu Seafire nyingi kuliko adui. Meli zilikuwa ndogo na upepo haba, hilo nalikubali. Lakini miguu haikuwa imeundwa kwa ajili ya siku ile.

Mwenye modeli inayoruka ana hoja, nami namsikiliza. Kwa ndege ya skeli ya 1/6, nyasi za sentimita 10 ni kichaka cha sentimita 60. Asiposogeza magurudumu mbele kidogo, atachimba mtaro kwa pua ya ndege. Abadili, ila aandike kwenye karatasi ya waamuzi alichobadili, na waamuzi waidai karatasi hiyo kuanzia mashindano yajayo. Mwenzake wa plastiki, ambaye modeli yake haitatua popote isipokuwa kabatini, hana utetezi. Na akishika kisu, azifupishe shokapu pia. Ndege ikisimama chini, uzito wake huzizamisha. Spitfire zetu nyingi zimesimama kama zinachungulia ua wa jirani.

Mengineyo: makala ya mpira unaofungwa kwenye miguu ya Piper Cub ni fupi na nzuri. Ile ya DC-3 inaeleza kwa nini magurudumu hubaki yamechungulia chini ya injini hata yakikunjwa, na jinsi yanavyoiokoa ndege inayolazimika kutua kwa tumbo. Mwandishi anauita ufumbuzi huo "wa nusu". Nimemwachia neno lake, ingawa kalamu yangu ilitetemeka.

Makala ya ndege za Northrop nimeiweka ya kwanza. Inaurejea utafiti wa Walter Vincenti wa 1994 kuhusu miguu isiyokunjwa iliyovishwa "suruali", yaani vifuniko vya kuizunguka. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, wahandisi hawakuwa na namna ya kujua kwamba miguu ya kukunja ingeshinda, na suruali zile zilikuwa chaguo la watu wenye akili zao. Anzeni na hiyo. Mwandishi wake anakubaliana nami.