Magadi Peke Yake Si Betri

Wako watu miongoni mwetu wasemao hivi: kwa kuwa Ziwa Magadi limejaa sodiamu, na kwa kuwa ulimwengu umeanza kutengeneza betri za sodiamu, basi utajiri umekwisha kufika mlangoni petu, kilichobaki ni kujaza magunia. Usiwasadiki, ewe msomaji. Mwenye udongo si mfinyanzi.

Ni kweli kwamba sodiamu ni tele. Imo baharini, imo katika chumvi ya chakula, imo katika magadi. Lithiamu, itumikayo katika betri za simu, ni adimu kuliko hiyo. Lakini wingi si ustadi. Ayoni ya lithiamu hujipenyeza baina ya tabaka za grafiti ikatulia; ya sodiamu, iliyo kubwa zaidi, hubisha hodi hapo isikaribishwe ila kidogo sana. Bati huipokea kwa ukarimu, lakini ukarimu huo humponza mwenyeji. Likishiba sodiamu hufura, hata ujazo wake ukawa takriban mara tano ya ulivyokuwa. Betri itumikapo, hunywea tena. Kwa kufura na kunywea hupasuka, na betri ikafa.

Wataalamu walifanyaje? Walilifanya bati kuwa chembe za kupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja katika bilioni ya mita, wakazipachika ndani ya kaboni. Chembe ndogo hustahimili kufura. Kaboni huzishika na kupitisha umeme. Elektrodi ya namna hiyo huitwa nanokompositi. Hata kaboni ngumu, itumikayo sana leo katika betri za sodiamu, ni tunda la utafiti: mwaka 2000 Stevens na Dahn, huko Kanada, walionyesha kwamba yaweza kuhifadhi sodiamu kwa wingi.

Sasa nijibu: thamani imo katika gunia, au katika maarifa? Magadi yetu yamechimbwa kwa zaidi ya miaka 100. Mengi yamepakiwa melini, yakaenda kuwa kioo katika viwanda vya wengine. Tukiridhika na koleo, kesho yatakwenda kuwa betri vivyo hivyo, nasi tutazinunua kwa bei ya muuzaji.

Basi usiione kemia kuwa ni mzigo wa mtihani tu. Ziwa tumepewa bure. Ustadi haupewi mtu bure. Shika kitabu chako, uingie maabara, ujifunze kufinyanga.