Nani Mzee Kazini?



Katika mkutano wa tawi uliopita vijana wawili walisimama wakasema orodha ya kutangulia kazini ifutwe, maana waliotangulia ndio wanaochagua zamu nzuri, na wao wamebakiwa na gari za usiku na sikukuu. Walipigiwa makofi mengi. Hatuwalaumu. Sisi nasi tumelala katika nyumba za mapumziko zenye kunguni usiku wa Krismasi, na waliotutangulia wako kwao wanakula pilau. Lakini kabla hatujapiga kura, twaomba msikie habari za wenzetu wanaohudumia abiria ndani ya ndege, kwa sababu wao walionja kazi ambayo tajiri ndiye asemaye nani amezeeka.

Huko Marekani, mwaka 1953, kampuni ya American Airlines iliweka kanuni kwamba msichana wa ndege akifika umri wa miaka 32 aache kazi yake. Thelathini na miwili, ndugu! Kwetu relini mtu wa miaka 32 bado huitwa kijana na bado hutumwa chai. Kampuni nyingine nazo zilikuwa na kanuni kama hiyo, na nyingine ziliweka 35. Aliyeolewa alitolewa hata kabla ya kufika huko. Na rubani aliyeketi mbele katika ndege ile ile? Yeye sheria ya mwaka 1960 ilimruhusu kurusha ndege mpaka miaka 60.

Matajiri walisema abiria wapenda kuhudumiwa na sura changa. Sisi twaona sababu nyingine pia, tena mfanya kazi yeyote aweza kuiona. Mtu anayeondoka baada ya miaka michache hafiki mshahara wa juu, pensheni haigusi, na akianza kuyajua mambo ya chama, tayari yuko mlangoni na sanduku lake. Kazi yenyewe si ya sura. Ni kazi ya kufungua mlango wa hatari na kutoa watu upesi ndege ikijaa moshi, na kumshughulikia mgonjwa mahali pasipo daktari. Kwa kazi kama hiyo twamtaka aliyeifanya miaka mingi.

Kanuni ile ilikuwa na ujanja ndani yake. Haikuwagusa waliokuwa wamekwisha kuandikwa kazi, iliwangoja wapya. Basi wale wa zamani wangeweza kunyamaza na kusema hayo si yao. Hawakunyamaza. Mwaka 1963 waliwaita watu wa magazeti, wakasimama pamoja mbele yao, waliopita miaka 32 na wasiopita, wawatazame waone kama waweza kuwatenga. Ilipopatikana sheria ya haki za raia ya mwaka 1964, na ofisi yake kufunguliwa Julai 1965, wahudumu wa ndege walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupeleka mashtaka. Mwaka 1968 kanuni ya miaka 32 ikaanguka.

Ulaya mambo hayakuwa mepesi. Bibi Gabrielle Defrenne, mhudumu wa ndege za Sabena za Ubelgiji, alitolewa kazini Februari 1968 kwa kuwa amefika miaka 40. Wanaume waliofanya kazi ile ile hawakutolewa kwa umri huo. Mwaka 1976 mahakama ya Ulaya ilimpa haki katika neno la mshahara sawa. Lakini katika neno la umri, mwaka 1978, alishindwa.

Sasa tutazame orodha. Katika kampuni kubwa za ndege za Marekani kila mhudumu ana namba yake kwa tarehe aliyoingia kazini. Wa kwanza huchagua safari kwanza. Aliye mwisho hukaa karibu na simu akingoja kuitwa, na kazi ikipungua yeye ndiye hutolewa mbele. Ni kali kwa mgeni, hatufichi. Lakini mtazameni Bibi Bette Nash, aliyeanza mwaka 1957. Kwa kutangulia kwake alichagua safari ya Washington na Boston, ili kila jioni awe nyumbani kumtunza mwanawe mwenye ulemavu. Hakuna meneja aliyempa hiyo kwa huruma. Ni namba yake. Alifariki Mei 2024, mwenye umri wa miaka 88, naye alikuwa bado hajastaafu.

Na tuseme kwa majivuno kidogo: sheria ambayo wahudumu hao hupatana nayo na kampuni zao ni sheria ya reli ya mwaka 1926, iliyoenezwa mpaka kwenye ndege mwaka 1936. Sisi wa reli tulitangulia.

Hapa Kenya, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 27, yakataza kumbagua mtu kwa umri wake. Na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yasema kwamba tajiri akipunguza watu ni lazima aangalie nani alitangulia, pamoja na ufundi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Sasa fikirini. Tukiifuta orodha kwa mikono yetu wenyewe, siku ya kupunguzwa tutamwonyesha nini hakimu? Yatabaki yale maneno ya uwezo na uaminifu, na hayo hupimwa kwa jicho la bwana mkubwa. Jicho hilo lilimwona mtu wa miaka 32 kuwa mzee.

Kwa hiyo twasema hivi. Malalamiko ya vijana ni ya kweli: sikukuu na zizunguke, mwaka huu wewe, mwaka ujao mimi, na wazee wakikasirika na wakasirike. Lakini katika kupandishwa cheo na kupunguzwa kazi, tarehe ya kuandikwa isiguswe.

Orodha imebandikwa katika ubao wa tawi. Kila mmoja aitafute tarehe yake. Asiyeiona, au aliyeandikiwa mwaka usio wake, alete barua yake ya kazi kwa katibu kabla ya mkutano, kwa maana tumekwisha kuona majina manne yenye makosa, na matatu ni ya hao hao vijana.