Sailensa: Kodi imeenda, usajili ndio wa kulindwa

Kwenye muvi, jamaa anafyatua bastola yenye sailensa na jirani hata hashtuki. Usidanganyike. Mlio wa bunduki hupita desibeli 140, na sailensa hupunguza kama 20 hadi 35 tu. Utausikia.

Marekani, tangu 1934, ukitaka sailensa ulilipa kodi ya dola 200 na kuisajili. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 ilifuta kodi hiyo kuanzia Januari 1, 2026. Usajili umebaki.

Wanaoitetea wanasema inaokoa masikio ya wawindaji. Wana hoja, hata Norway wawindaji wanaitumia. Lakini kule huwezi kumiliki bunduki yenyewe bila leseni, tofauti na majimbo mengi ya Marekani. Wapinzani nao wanakumbusha Virginia Beach, 2019: muuaji alitumia sailensa, watu 12 wakafa. Mlio ukififia, ni vigumu kujua risasi zinatoka wapi ndio ukimbie.

Kwa hivyo usibishane kuhusu kelele pekee. Uliza: nani anayo, na serikali inamjua? Usajili ukiondolewa pia, hakuna atakayekujibu.