Hata Wazungu waligombania posho ukimbizini

Vijana wenzangu, acheni kusema eti ugomvi wa viongozi wa kambi ni tabia yetu sisi tu. Johan Valckenaer, mwanasheria Mholanzi, alipinga utawala wa kurithi wa Willem V. Mwaka 1787 jeshi la Prussia likamrudishia Willem nguvu. Valckenaer akakimbilia Ufaransa. Mfalme wa huko akawapa wakimbizi posho. Basi, pale Saint-Omer wakagawanyika: watu wa Valckenaer huku, wa Van Beyma kule, wanagombania pesa! Mwaka 1795 ndio njia ya nyumbani ikafunguka. Baadaye Valckenaer akawa balozi Hispania.

Ninyi wa mashirika, msimwachie mtu mmoja daftari la posho. Bandikeni orodha ukutani, tusome wote. Na sisi tukumbuke: unayemtukana leo kwenye foleni, kesho mtajenga naye nchi.